Posyandu inafunguliwa saa mbili asubuhi, sasa nani ana nafasi ya kwenda?

Ukitaka kuielewa afya ya watu wa Indonesia usianzie hospitali, anzia barazani kwa mtu. Mara moja kwa mwezi, karibu kila kijiji na kila mtaa wa nchi ile, kuna nyumba ya jirani au kibanda cha ofisi ya mtaa kinageuka kliniki kwa masaa matatu manne hivi. Juu kwenye boriti wananing'iniza mizani ya mkono, wao wanaiita dacin, chini yake wanafunga shuka au kikaptula cha kitambaa, mtoto anatumbukizwa humo, analia, anarusha miguu, mama yake kamshika kidole huku mwanamke mwingine anasogeza kile kijiwe cha mizani taratibu mpaka fimbo itulie, alafu anataja kilo kwa sauti ili aliyekaa meza inayofuata aandike kwenye kadi. Meza zipo tano kwa utaratibu wao, kuandikishwa, kupima, kujaza kadi, ushauri, na ya mwisho ndo ya chanjo na dawa, anakaa nesi au mkunga kutoka kituo cha afya. Mtoto akimaliza anapewa kikombe cha uji wa choroko, zimechemshwa mpaka zimepasuka, zikatiwa sukari ya mnazi na tui la nazi. Mtu wa Tanga au Lamu akionja pale hahitaji kuelezwa anakula nini.

Hiyo ndo posyandu. Zilianza katikati ya miaka ya 1980 na leo zipo karibu laki tatu nchi nzima. Nyuma yake kuna puskesmas, yaani kituo cha afya cha tarafa, mfumo ulioanza 1968 na sasa vituo vimepita 10,000. Ila hawa wa puskesmas wanakuja kama wageni tu, wenyeji wa posyandu ni kina mama wa mtaani wanaoitwa kader, zaidi ya milioni moja, hawana digrii ya afya, wengi hawana mshahara, wanapewa posho kidogo ya mwezi ambayo inategemea kijiji chako kina hela kiasi gani na mwenyekiti ana moyo gani.

Sasa nimeanza hapa kwa sababu kuna swali moja ambalo kila nikisoma mambo ya afya ya Indonesia linanirudia, nalo ni dogo tu: saa mbili asubuhi siku ya Jumanne, nani ana nafasi ya kuwa pale? Ukilifuata hilo swali mpaka mwisho utaona mambo mengi yanayoelezwa kama ni ya ujinga wa wazazi, kumbe ni ya kazi, mikataba, aibu, na nani ana masaa ya kumpa mwenzake bure.

Chukua udumavu. Mwaka 2013 watoto chini ya miaka mitano waliodumaa Indonesia walikuwa asilimia 37.2. Ikashuka, 2018 ikawa 30.8, na 2023 ikawa 21.5. Ni kazi kubwa imefanyika, tuseme ukweli, nchi ya watu zaidi ya milioni 270 kwenye visiwa zaidi ya 17,000 si mchezo. Lakini lengo lilikuwa kufika 14 ifikapo 2024 na halikufikiwa, na kati ya 2022 na 2023 namba karibu iligoma kabisa, ilitoka 21.6 ikaja 21.5. Ukisikiliza maelezo ya viongozi wengi utasikia elimu, elimu, mama haelewi lishe, mama ampe mtoto yai. Mama anaelewa. Tatizo mama hayupo.

Tuseme ni mama anayeshona viatu kiwandani Tangerang, pale pembeni ya Jakarta ambapo viwanda vimejaa. Shifti inaanza saa moja asubuhi. Posyandu ya mtaani kwake ni Jumanne. Hawezi kuomba ruhusa kila mwezi kwa sababu yuko kwenye mkataba wa muda, na tangu sheria za kazi zilipobadilishwa 2020 na kanuni zake 2021 mkataba wa muda unaweza kurefushwa mpaka miaka mitano, maana yake kwa miaka mitano mizima unafanya kazi huku unaangalia uso wa msimamizi, unajua mkataba ukiisha hakuna anayelazimika kukupa mwingine. Vyama vya wafanyakazi vinalalamika miaka nenda rudi kwamba mwanamke akishika mimba mkataba wake ndo unakuwa wa kwanza kutohuishwa. Basi mtoto anapelekwa posyandu na bibi. Bibi anasikiliza ushauri wote, anaitikia, anarudi nyumbani anapika alivyozoea kupika, na mama akifika jioni kachoka hoi bibi anamwambia tu "wamesema kilo hazijapanda". Ujumbe wote wa lishe wa taifa umebaki kwenye sentensi hiyo moja.

Na kabla ya hapo kulikuwa na kunyonyesha. Sheria ya kazi ya 2003 inampa mama likizo ya mwezi mmoja na nusu kabla ya kujifungua na mwezi mmoja na nusu baada yake. Wizara ya afya inamwambia amnyonyeshe mtoto maziwa ya mama peke yake miezi sita. Wiki sita na miezi sita, hebu zipime mwenyewe. Tangu 2012 kuna kanuni kwamba mwajiri atenge sehemu ya kukamulia maziwa, ila sehemu bila muda haina maana, maana kazi ya kiwandani ni ya mstari, ukiinuka wewe wenzako tisa mbele yako wanasimama, na hutaki kuwa yule anayewasimamisha wenzake. Mwaka 2024 ikapitishwa sheria mpya ya ustawi wa mama na mtoto, inaruhusu likizo ifike miezi sita, lakini ile miezi mitatu ya nyongeza ni kwa mama au mtoto mwenye shida maalumu na anahitaji cheti cha daktari. Tena hapo tunawaongelea waliobahatika kuwa na mkataba. Wafanyakazi karibu sita kati ya kumi Indonesia wako sekta isiyo rasmi, anayeuza tempe, ile soya iliyochachushwa, sokoni, mfanyakazi wa ndani, kibarua wa shambani, hao sheria ya likizo wanaisikia redioni tu.

Nirudi kwenye yai, maana hapa na sisi watu wa pwani tunaingia kwenye hadithi. Kule takwimu za serikali zinapopima mstari wa umaskini, kwenye kapu la vitu ambavyo kaya ya chini inanunua, mchele ni wa kwanza na sigara ni ya pili. Inazidi mayai. Zaidi ya wanaume sita kati ya kumi wanavuta, jumla ya watu wazima wanaotumia tumbaku walihesabiwa milioni 70 mwaka 2021, na nchi haijaingia kwenye mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku mpaka leo. Sigara yenyewe inayopendwa ni kretek, tumbaku iliyochanganywa na karafuu, ilianzia mji wa Kudus kisiwa cha Java mwishoni mwa karne ya 19, na kwa miaka mingi Indonesia ndo alikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu ya Unguja na Pemba, mpaka walipopanda ya kwao ikatosha miaka ya 1980 na bei ya kwetu ikaanguka, wazee wa Pemba wanaikumbuka vizuri hiyo. Karafuu asili yake ni Maluku huko huko Indonesia, ikaja Zanzibar karne ya 19, ikarudi kwao kwenye magunia, ikaishia kwenye mapafu ya baba zao. Mimi hili huwa linanisumbua moyo.

Lakini kwa nini baba mwenye mtoto aliyedumaa anunue sigara badala ya yai? Ni rahisi kusema hana akili. Angalia kazini kwake. Wao bakshishi ndogo wanaiita "uang rokok", hela ya sigara, kama sisi tunavyosema hela ya soda. Kibarua wa ujenzi, dereva wa lori, dereva wa ojek, yaani bodaboda wao, wakikaa kijiweni kusubiri kazi sigara ndo salamu, unampa mwenzako moja, kesho anakukumbuka kwenye kazi. Ukiacha kuvuta unajitoa kwenye mtandao unaokupa mkate. Na wanaotengeneza zile sigara za kusokota kwa mkono pale Kudus wengi ni wanawake, wanalipwa kwa idadi, ukisokota nyingi unapata nyingi, na ukitoka kumpeleka mtoto kupimwa hakuna anayekukatalia, ila siku hiyo hesabu yako inapungua. Kampeni inayomwambia baba "acha sigara" bila kugusa kijiwe chake, na inayomwambia mama "njoo posyandu" bila kugusa hesabu yake ya siku, inaongea na watu ambao hawapo.

Bima ni habari nyingine inayohitaji kufunguliwa taratibu. Tarehe 1 Januari 2014 Indonesia ilianzisha bima ya afya ya taifa, JKN, inayosimamiwa na shirika linaloitwa BPJS Kesehatan, na ndani ya miaka kumi wakaandikisha zaidi ya asilimia 95 ya wananchi. Ni moja ya bima kubwa kabisa duniani za mfuko mmoja, na sisi wa huku ambao bado tunabishana namna ya kuwafikia watu wa sekta isiyo rasmi tuna la kujifunza. Inavyofanya kazi ni hivi: ukiwa na ajira rasmi inakatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anatoa 4 wewe 1, na inakubeba wewe, mwenzi wako na watoto watatu. Ukiwa maskini uliyeorodheshwa serikali inakulipia, wako karibu milioni 97 kwa hela ya serikali kuu. Shida iko kwa wa katikati, sio maskini wa kwenye orodha na sio mwajiriwa. Huyo analipa mwenyewe, daraja la chini ni rupia 42,000 kwa kichwa kwa mwezi, serikali inasaidia 7,000 anabaki na 35,000. Haionekani kubwa, ila kumbuka ni kwa kichwa na unaandikisha familia nzima iliyo kwenye kadi ya kaya. Watu watano ni 175,000 kila mwezi, mvua inyeshe jua liwake.

Sasa mfikirie dereva wa Gojek au Grab, zile apu za kuita bodaboda. Kisheria yeye si mwajiriwa, anaitwa "mitra", mshirika, kwa hiyo hakuna mwajiri wa kutoa ile asilimia 4. Mwezi mzuri analipa, mwezi wa mvua halipi, uanachama unalala. Akija kuanguka na pikipiki anakimbia kulipa madeni ili kadi iamke, na akilazwa ndani ya siku 45 tangu kadi iamke kuna faini juu. Ndo maana utasikia nchi ina asilimia tisini na kitu wenye bima na hapo hapo makumi ya milioni kadi zao zimelala. Namba zote mbili ni za kweli, ya kwanza inahesabu walioandikishwa na ya pili inahesabu wanaoishi kwa kipato cha leo leo.

Kifua kikuu ndo kinaonyesha haya yote kwa pamoja. Indonesia ni ya pili duniani baada ya India kwa wagonjwa, karibu milioni moja wanaugua kila mwaka. Dawa zipo na ni bure, dozi ya kawaida ni miezi sita. Lakini kuzifuata unaenda puskesmas asubuhi, na asubuhi ndo kazi. Ukimwambia msimamizi kwa nini unachelewa kila mara, umeshatangaza ugonjwa wako, na wenzako mnaolala chumba kimoja cha kupanga watajua. Wana neno "malu", aibu, ila si aibu ya kujificha uso tu, ni ile hali ya kwamba umeiangusha familia mbele za watu. Basi mtu anameza dawa mwezi wa kwanza na wa pili, kikohozi kinapungua, nguvu zinarudi, anaona kila asubuhi anayoenda kituoni ni siku ya kibarua imepotea, anaacha. Kwenye ripoti ataandikwa mtoro wa dawa. Mimi ningeandika amerudi kazini.

Tuwaangalie na wanaotoa huduma wenyewe, maana huko ndani ya puskesmas kuna matabaka ambayo mgonjwa hayaoni. Kuna watumishi wa serikali wa kudumu. Kuna wa mkataba wa serikali. Kumekuwa na honorer, vibarua wa halmashauri waliokuwa wakihuishwa mwaka hadi mwaka. Na kuna wanaoitwa wa kujitolea kabisa, nesi au mkunga aliyesoma miaka mitatu, ana leseni, anavaa sare ile ile, anafanya shifti ile ile, na analipwa kidogo sana au hakuna, anasubiri siku moja nafasi itangazwe awe karibu. Mwezi Aprili 2024 wilaya ya Manggarai, kisiwa cha Flores, wahudumu wa afya 249 wa namna hiyo walisitishwa baada ya kudai mikataba na malipo yao yaangaliwe. Walikuwa wanapata laki chache za rupia kwa mwezi wakati kima cha chini cha mkoa kilikuwa zaidi ya milioni 2. Ukijua hilo hutashangaa kwamba yule nesi jioni anauza vitu mtandaoni au anafanya kazi kliniki binafsi, na asubuhi akikujibu mkato kidogo usidhani ni roho mbaya.

Alafu kuna data. Mtoto mmoja akipimwa, kilo zake zinaandikwa kwenye kadi, kwenye daftari la kader, kwenye mfumo wa lishe wa wizara, chanjo inaingia apu nyingine, na akitibiwa kuna mfumo wa bima, mwenye kifua kikuu ana mfumo wake peke yake. Serikali inajitahidi kuviunganisha tangu 2022 chini ya jukwaa linaloitwa SATUSEHAT na nadhani ni jambo jema sana, ila mpaka yaungane vizuri kuna mtu anaketi saa tatu usiku na simu yake mwenyewe, bando lake mwenyewe, anaingiza namba zile zile mara ya tatu.

Na kwa nini asigome? Wajava wana neno "sungkan", sijui Kiswahili tuseme nini, ni kama kuona haya kumsumbua au kumpinga mkubwa, heshima iliyochanganyika na woga na upole. Nesi anaona daktari amekosea dozi, anakuwa sungkan, anazungusha maneno au ananyamaza. Kader anaambiwa na mke wa mwenyekiti wa kijiji "njoo utusaidie posyandu", anakuwa sungkan kukataa. Na hapa ndo mzizi wenyewe ulipo, kwa sababu posyandu zimekua ndani ya PKK, jumuiya ya kina mama iliyoenezwa nchi nzima na serikali ya rais Soeharto miaka ya 1970, na ndani ya PKK mume akichaguliwa mwenyekiti mke wake moja kwa moja anakuwa kiongozi wa kina mama, mume akiwa gavana mke anaongoza mkoa. Watu wa nje wanaita kujitolea na wenyewe wanaita gotong royong, ni kama ujima na msaragambo wetu, kitu kizuri na cha kweli, misiba na mafuriko vimebebwa na hiyo roho. Ila ujima wa kujenga daraja unaisha daraja likisimama. Posyandu haiishi, inarudi kila mwezi miaka arobaini, na mabega ni yale yale.

Tena mzigo unaongezwa. Tangu 2023 posyandu inatakiwa ihudumie rika zote, wajawazito, vijana, watu wazima, wazee, sukari na presha humo humo, kader wafundwe stadi 25 na watembelee nyumba kwa nyumba. Kwa mpango ni sahihi kabisa, sukari na presha zinaua na hospitali ziko mbali. Lakini kila karatasi ya mpango huo inadhani kwamba mwanamke wa kijijini ana masaa mengi yamekaa bure yanasubiri. Kenya mwaka 2023 waliajiri wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wakawawekea posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, ni ndogo na malalamiko yapo, lakini angalau imeandikwa ni kiasi gani kwa kila mtu. Indonesia wilaya ni 514 na kila kijiji kina bajeti yake, kader wa kijiji hiki anapata posho na sare, wa kijiji cha pili anapata asante.

Wanaume ndo kabisa. Vipimo vya presha kule mtaani wanaojitokeza wengi ni wanawake na wazee, kwa sababu zile zile za asubuhi na kazi, na pia kwa sababu posyandu kwa macho ya mwanaume ni mahali pa mama na watoto, ataonekanaje amepanga foleni nyuma ya kikaptula cha mizani. Kwa hiyo yule anayevuta pakiti kwa siku na ana miaka 45 mfumo unamkuta mara ya kwanza akiwa kitandani.

Ningekuwa na sauti kule ningeanza na saa, si na semina nyingine. Posyandu ya mtaa wa wafanyakazi wa kiwandani iwe Jumapili au jioni, dawa za kifua kikuu mtu azichukue karibu na kazini baada ya shifti, kader alipwe kiwango kimoja cha taifa kwa siku anazofanya, na mkunga wa kujitolea aache kuwepo kwa jina hilo. Kila kimoja hapo kina gharama, ila leo gharama ipo pia, inalipwa na mtu ambaye jina lake halipo kwenye bajeti.

Saa tano asubuhi posyandu inafungwa. Dacin inashushwa, inafungwa kwenye kitambaa, sufuria ya uji inaoshwa, watoto ambao hawakuja wanahesabiwa kwenye daftari, na kader anajua kwa majina ni wa nani na mama zao wanafanya kazi wapi. Mchana atapita nyumba zao, atawakuta bibi. Yule wa kiwandani anatoka getini jioni, anapita mbele ya baraza ile ile kwa miguu, viti vimeshaingizwa ndani.